Raya binti Salum, Aliyebeba Kila Alilolisema

Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, Arafa binti Salum, na unasomwa na mwana wa marehemu, Anuar Idi, leo Ijumaa tarehe 9 Machi 2007, hapa nyumbani Biharamulo, kabla jeneza halijatoka kwenda msikitini. Waliokuja kwa Asalaam aleikum na waliokuja kwa Tumsifu Yesu Kristo, nyote karibuni. Wa nyuma wasogee, maana sauti ya Anuar ni ndogo na mambo ya mama yake ni makubwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano moja ya mwezi wa Agosti mwaka 1937, hapa hapa Biharamulo, kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa mkono wa kushoto ukishuka kutoka boma la Wajerumani. Tarehe yenyewe baba aliiandika ndani ya jalada la kitabu, kitabu kikaliwa na mchwa, kwa hiyo tunabaki na Jumatano. Baba yetu alikuwa Salum bin Anuar, mtu wa Pangani, aliyefika huku mwaka 1929 na chumvi na nguo. Mama yetu alikuwa Mhangaza wa Ngara, alizaliwa akiitwa Kwizera, na alipoolewa akaitwa Mwanaidi. Kwa hiyo Raya alinyonya Kihangaza, akacheza kwa Kiswahili, na Kiarabu akakipata kwa baba kabla meno ya mbele hayajang'oka.

Masomo yake ya kwanza yalikuwa kwenye baraza ya duka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua milango, baba alitukalisha juu ya magunia akatufundisha kusoma msahafu, na baada ya msahafu akatupa methali moja ya Waarabu wa kale. Msahafu ulikuwa wa kuhifadhi. Methali ilikuwa ya kufikiri. Hapo ndipo baba alipokuwa mkali, kwa sababu aliona kosa moja linalofanywa na watu wa huku kwetu. Mtu wa huku akisikia Kiarabu, chochote kile, anajibu Amina. Mzee mmoja mkulima, Felisiani, alikuwa akija kununua chumvi. Siku moja baba alikuwa ananisomea mimi, Lisanuka hisanuka, yaani ulimi wako ni farasi wako, ukimtunza atakutunza. Mzee Felisiani, Mkatoliki safi, akavua kofia, akainama, akafanya ishara ya msalaba. Baba akamwambia, "Mzee wangu, hapo nimemtaja farasi." Mzee akasema hata farasi ni kiumbe cha Mungu, akavaa kofia yake akaenda.

Baba akatuambia hivi: methali si dua. Dua unaiacha kwa Mungu. Methali unarudishiwa wewe. Akatufundisha kuitafuta ilikotoka. Tulipofika Arrafiiqu qablat-tariiq, rafiki kabla ya njia, alituuliza kwa nini Mwarabu hakusema njia kwanza. Mimi nikajibu rafiki anachangamsha safari. Baba akasema hapana, hiyo ni tafsiri ya mtu aliyeshiba. Kule jangwani maji ni yale uliyoyabeba tu. Ukitoka na mtu usiyemjua, siku ya tatu anaweza kuyanywa yako ukiwa umelala. Basi unamtazama mtu kwanza, njia baadaye. Kisha akatuuliza, je, njia ya hapa kwenda Lusahunga, yenye mbung'o na simba, maji yake ni nini? Raya, akiwa na miaka saba, akajibu, "Ni mwenzio atakayebaki chini nawe simba akija, asipande mti peke yake." Baba alicheka mpaka akafuta macho. Nikawa nimeshindwa na mdogo wangu, na si mara ya mwisho.

Sheria ya baba ilikuwa moja, na wajukuu wote wanaijua. Ukimtupia mwenzio methali, sharti uibebe wewe kwanza. Ndani ya siku saba ufanye kazi inayofanana nayo, na yule uliyemtupia awe shahidi. Usipoibeba, huna ruhusa ya kuisema tena. Raya alikuwa na miaka tisa aliponikuta nimekaa nalia kwa sababu ya mshono wa kanzu ulionishinda, akanipita akisema, "Man jadda wajada, anayejitahidi hupata." Alisema kwa kupandisha pua juu. Baba alikuwa nyuma ya pazia. Akamwita, akamfungulia gunia zima la choroko iliyochanganyika na kokoto, akamwambia, haya, jitahidi, upate. Siku sita Raya alichambua choroko. Mimi shahidi nilikaa kwenye kigoda pembeni natafuna karanga. Siku ya sita jioni alinitazama akasema, "Dada, ule mshono ulete nikusaidie, nimejua sasa ulikuwa unalilia nini." Alikuwa mtu wa namna hiyo tangu hapo.

Shule ya serikali aliingia mwaka 1946 akamaliza darasa la nne mwaka 1950, wa pili katika darasa la watoto thelathini na mmoja, na wasichana walikuwa wanne tu. Aliyekuwa wa kwanza ni mtoto wa karani, na mimi nina maoni yangu juu ya hilo, lakini leo si siku yake.

Tarehe 3 Novemba 1956 aliolewa na Idi Bulugu, Msukuma wa Geita, dereva wa lori la pamba. Wengine walinong'ona kwamba binti wa mtu wa pwani amekwenda kwa Msukuma. Baba aliwajibu kwamba dereva ni mtu anayejua kumngoja mwenzake, akafunga ndoa kwa moyo mweupe. Walijaliwa watoto watatu: Anuar anayesoma hapa, Mwanaidi, na Zubeda aliyetangulia akiwa na miezi minane mwaka 1964. Shemeji Idi alifariki mwaka 1989. Waliishi miaka thelathini na mitatu, na sikuwahi kusikia sauti zao zikivuka ukuta.

Kazi iliyomjulisha kwa watu ni hoteli yake ya Lusahunga, pale barabara ya Rusumo inapopita. Aliifungua mwaka 1978: vyumba viwili, benchi nane, chai, maandazi, maharage, na wali siku ya Ijumaa. Juu ya mlango aliandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, ile ya rafiki kabla ya njia. Madereva wakawa wanainua mkono wanagusa yale maandishi kabla ya kuondoka. Dereva mmoja alimwomba amwandikie aya hiyo hiyo ya kinga aiweke kwenye lori. Raya akamwambia pale hapana kinga, pameandikwa mtazame turinboi wako vizuri. Yule dereva akamtazama turinboi wake, utingo aliyesafiri naye kwenye lori. Inasemekana walipofika Nyakanazi yule turinboi akashushwa.

Kwenye hoteli hiyo mtu hakunywa chai kimya. Raya alitoa methali, na madereva wakatafuta maana, kila mmoja kwa njia za kwao. Wasomali walimletea nyingine kwa Kiarabu, naye akazipokea, lakini hakuzisema mbele za watu mpaka awe amezibeba. Alikuwa na daftari lenye mistari. Upande mmoja methali, upande wa pili siku aliyoibeba na namna alivyoibeba. Nimelihesabu daftari hilo juzi: methali mia moja na kumi na tisa. Nyingine aliibeba kwa siku moja. Moja ilimchukua miaka miwili na miezi mitano, na hiyo ndiyo ninayotaka watu waondoke nayo leo.

Mwaka 1994, siku za mwisho za mwezi wa Aprili, watu wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Waliokuwepo wanajua. Ambao hawakuwepo hawawezi kuelezwa. Barabara ilijaa mikeka, masufuria na watoto, na vilima vya Ngara vikawa vya rangi ya maturubai. Malori ya chakula yakaanza kupita Lusahunga mchana kutwa, na hoteli ya Raya ikawa haina benchi tupu. Mwezi wa Julai alishuka kwenye lori mwanamke mmoja wa miaka kama thelathini na tano, amevaa gauni moja na kiatu kimoja, akaomba kazi ya kuosha vyombo. Aliitwa Speciose. Raya alizungumza naye kwa Kihangaza cha mama yetu, ambacho ni ndugu wa Kinyarwanda, wakaelewana.

Speciose alifanya kazi siku nne bila kusema habari zake. Siku ya tano alisema. Mume wake alikuwa amekufa. Binti yake Keza, wa miaka mitano, alikuwa ameshika upindo wa gauni lake wakiingia darajani, na walipotoka upande wa pili upindo ulikuwa mtupu. Alizunguka kambi miezi miwili akiuliza. Majina yaliandikwa, picha za watoto zilibandikwa kwenye mbao, Keza hakuwemo. Ndipo akapanda lori kuja huku, kwa kuwa mguu ulikataa kukaa.

Hapo mdogo wangu alikosea. Kosa hilo naliandika kwa sababu mwenyewe aliliandika kwenye daftari kwa wino mweusi na hakulifuta. Alikuwa anageuza maandazi, watu wanangoja, na mdomo ulikuwa umezoea. Akasema, "Mwanangu, Assabru miftahul faraji. Subira ni ufunguo wa faraja."

Speciose aliweka sahani chini. Hakukasirika. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza njia.

"Mama, umenipa ufunguo. Mlango wake uko wapi?"

Raya aliepua maandazi. Jioni alikuja kwangu Biharamulo na basi la mwisho, akakaa jikoni kwangu hajavua kanga ya kichwa. Akaniambia amemtupia mtu methali aliyowahi kuibeba mara moja tu, akiwa msichana, kwa kungoja uji upoe. Nilimwambia yule si mtoto wa baba Salum, sheria yetu haimhusu. Akanijibu kwamba sheria haikuwa ya aliyetupiwa, ilikuwa ya mtupaji. Kurudi kwake alimweleza Speciose sheria ya baba, akamwambia kwamba yeye Raya atamtafuta Keza mpaka aonekane, au mpaka ijulikane hayupo, na Speciose ndiye shahidi.

Tangu siku hiyo, kila Jumatano alifunga hoteli. Alipanda malori ya chakula kwenda kambi za Ngara, akapita mistari ya maturubai akiuliza kwa Kihangaza, akarudi Alhamisi. Anuar alimgombeza sana kwa sababu ya mguu wake uliokuwa ukivimba, na ninamwomba Anuar asiruke sentensi hii. Jumatano mia na zaidi. Aliulizia kwenye visima, kwenye foleni za mahindi, kwenye vibanda vya misa. Aliwaona akina Keza kumi na saba, kwa sababu jina hilo ni la watu wengi kule, na kila mmoja alimwita, akamtazama kiwiko, maana Keza wa Speciose alikuwa na kovu hapo.

Mwaka wa kwanza ulipoisha bila kitu, akakumbuka jambo ambalo baba alitufundisha juu ya Waarabu wa kale. Kabila likitaka habari ifike mbali halikutuma mtu tu, lilitunga shairi. Mtu anachoka na anakufa na kiu, shairi halili wala halinywi. Likiwa zuri, adui yako mwenyewe atalibeba kinywani bila kujua. Baba alitwambia ndiyo maana beti zao zina mizani: mizani ni kamba ya kufungia mzigo usidondoke njiani. Basi Raya alikaa siku mbili akatunga ubeti huu kwa Kiswahili, lugha ya madereva wote:

Natafuta mwana Keza, alipotea njiani,
Kovu lake kama mwezi, liko pale kiwikoni,
Hujibu ukimwimbia, wimbo wa ng'ombe mtoni,
Mamaye angali hai, Lusahunga, hotelini.

Aliutia kwenye wimbo rahisi, na hakuna dereva aliyepewa chai ya pili kabla ya kuuimba wote. Aliyekuwa mbishi zaidi ni Renatus, kijana wa Ngara, dereva wa lori la mahindi. Alimwambia, "Bi Raya, shikamoo, lakini mimi sauti yangu inatisha ng'ombe, huyo mtoto atakimbilia Burundi." Raya akamwambia aimbe hivyo hivyo, asiyetaka kusikia atakumbuka zaidi. Miezi michache baadaye wanawake waliokuwa wakiteka maji kambini waliuimba ubeti ule wenyewe, na mtu akamfundisha Raya kama wimbo mpya wa wakimbizi. Alirudi akicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Julai ile.

Mwezi wa Novemba 1996 ikaanza kusemwa kwamba watu wote wa Rwanda watarudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Speciose hakula siku mbili. Akirudi bila mtoto, barabara ingefungwa nyuma yake. Na siku hizo hizo lori la Renatus likazama kwenye matope Mugoma, si kambini, kijijini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuuliza kwa sababu wakimbizi hawakuwekwa huko. Renatus alikaa juu ya gogo akisubiri kuvutwa, akawa anaimba na hiyo sauti yake. Watoto walikusanyika kucheka. Alipofika kwenye kovu la kiwikoni, msichana mmoja aliyebeba kuni alisimama, akainua mkono wake, akageuza kiwiko akakitazama.

Renatus hakusema neno pale. Namsifu kwa hilo kuliko kwa kuimba. Aliuliza tu mtoto ni wa nani, akaambiwa ni Nice wa Gaspari na Febronia, na lori lilipotoka alikuja moja kwa moja Lusahunga, akamwita Raya nyuma ya hoteli.

Raya alikwenda bila kumwambia Speciose. Aliogopa kumvunja mara mbili. Alifika Mugoma Ijumaa tarehe 29 Novemba, akapiga hodi kwenye nyumba ya bati katikati ya migomba. Gaspari alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Mkewe Febronia alikuwa amezika watoto watatu. Mwezi wa Mei 1994, akitoka kwa dada yake, alimkuta mtoto amekaa kando ya barabara amekumbatia kidumu kitupu, hawezi kusema hata jina. Akamfunga mgongoni. Walimpeleka kanisani akabatizwa, akaanza darasa la kwanza. Hawakumwiba. Walimwokota, na watu wa barabara ile walikuwa wanapita kwa maelfu, mwenye mtoto hajulikani ni yupi.

Raya alipomaliza kueleza, Febronia alimwamuru mtoto aende kisimani. Kisha akasema, "Mama, umetoka mbali, nimekupa kiti na maji. Sasa rudi."

Gaspari alisogeza kigoda chake. Akamwambia Raya kwamba habari zake zimefika mpaka Mugoma, kuwa ni mwanamke mwenye maneno ya Waarabu yanayokata shauri. "Basi toa moja lituamue," akasema, "maana sisi hatuwezi."

Mtu mwenye methali zaidi ya mia, ndugu zangu, na mtu anamwomba moja.

"Sina," Raya akasema.

Aliniambia baadaye kwamba zilimjia nyingi, na kila iliyokuja aliiona mzigo wake utabebwa na Febronia peke yake. Hakuondoka wala hakubisha. Aliomba jembe. Siku tatu alipalilia maharage pamoja na Febronia, mstari na mstari, na hawakumzungumzia mtoto. Walizungumza habari za mvua, na za ndizi zinazougua, na za kuzaa. Alimwambia habari za Zubeda wetu, ambaye hata kwangu alikuwa hamtaji. Usiku mtoto alilala katikati ya mgongo wa Febronia na ukuta.

Siku ya nne Febronia aliegemea jembe.

"Huyo mwanamke anakula?"

"Kidogo."

"Analala?"

"Halali."

"Mimi nimelala," Febronia akasema. "Miaka miwili na nusu nimelala kama jiwe, kwa sababu huyu yuko mgongoni kwangu. Kumbe nilikuwa nalala usingizi wa mtu." Akatupa jembe, akamwita Gaspari aandae safari. Raya akamwambia anaweza kumleta Speciose Mugoma, taratibu. Febronia akakataa. "Nitampeleka mwenyewe. Sitaki aje asikie nilinyang'anywa, na sitaki aje asikie nilimtupa. Aone nimempeleka kwa miguu yangu."

Walifika Lusahunga Jumanne jioni na lori la Renatus. Speciose alikuwa anasugua sufuria. Alisimama, mikono yote majivu, hakukimbia. Mtoto alijificha nyuma ya Febronia. Speciose alimwimbia wimbo wa ng'ombe mtoni, ule wa kwenye ubeti, na mtoto hakujibu. Akamwimbia tena. Mtoto akalia akitaka kurudi nyumbani. Nilikuwepo, na nasema kweli, nilidhani mdogo wangu amevunja nyumba mbili kwa methali moja.

Febronia ndiye aliyeshika jambo. Alimwambia Speciose aache kuimba, akasema yeye na mtoto watalala hapo hotelini mpaka mtoto aizoee harufu ya mahali. Wakalala siku tatu, wanawake watatu na mtoto katika chumba kimoja. Asubuhi ya Ijumaa Speciose alikuwa anaosha vikombe, mawazo mbali, akawa anaguna wimbo ule puani bila maneno, kama mtu afanyavyo kazini. Akaukatiza katikati kwa sababu kikombe kilimponyoka. Mtoto alikuwa ameketi karibu na moto anakula andazi. Akaumalizia. Maneno yote, kwa Kinyarwanda, mpaka mwisho, mdomo umejaa.

Febronia alisikia kwanza. Alitoka nje akakaa kwenye benchi la madereva, akafunika uso kwa kitenge, na Raya akatoka akakaa karibu naye. Kisha Febronia alifunua uso akarudi ndani, akamwambia Speciose mtoto hapendi maziwa ya moto, na akianza kukohoa apakwe mafuta ya ng'ombe kifuani. Akamweleza kila kitu kimoja kimoja. Wakaafikiana kwamba mtoto ataitwa majina yote mawili, na amani ikiruhusu, likizo ndefu atakuja Mugoma.

Walivuka kurudi tarehe 19 Desemba. Asubuhi ya kuondoka Speciose, akiwa amemshika mtoto mkono, alimwambia Raya mbele ya madereva wote, "Mama, mimi ndiye shahidi. Umeibeba. Sasa una ruhusa ya kuisema."

Raya akajibu, "Mimi nilitembea tu, mwanangu. Waliobeba ni wewe na yule wa Mugoma. Hiyo si yangu tena."

Na hakuisema tena. Miaka saba na zaidi, kwenye hoteli ile, dereva akianza kumwambia mtu mambo ya subira na ufunguo, Raya alimkatiza, akamwambia aende Mugoma kwa Febronia akaombe ruhusa kwanza. Waliodhani ni utani walimwuliza Renatus, naye akawaeleza, kwa urefu, na mara nyingine kwa kuimba.

Jambo moja dogo nalo niliandike, maana nililiona kwa macho. Januari 1997 alinichukua tukaenda kutazama palipokuwa kambi. Palibaki mafiga matatu matatu, majivu, vigingi vya maturubai, kiatu cha mtoto. Raya alisimama pale. Akaniuliza kama nakumbuka baba alivyosema kwamba washairi wa kale wa jangwani walianza shairi lao kwa kusimama kwenye mabaki ya kambi, wakayasemesha majivu, na sisi tulivyocheka mtu mzima kulilia mafiga. Nilikumbuka. Akasema, "Dada, hawakuwa wanalia. Walikuwa wanahesabu nani amepita." Tukaenda polepole, tukahesabu mafiga mpaka jua likawa kali.

Hoteli aliiendesha mpaka mwaka 2004. Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2001, na mwaka 2005 ukamkaa mguuni, ule mguu wa Jumatano. Alitibiwa hospitali hapa Biharamulo, akatunzwa vizuri, na manesi walimpenda mpaka wakawa wanamwomba methali pamoja na kadi ya dawa. Mwezi uliopita hali ilibadilika. Anuar alipiga simu mahali alipotakiwa kupiga, na Jumapili iliyopita walishuka kituoni wanawake watatu: Speciose, Febronia na Keza. Tangu hapo hakukosa mtu wa kumgeuza kitandani. Alifariki jana Alhamisi, tarehe 8 Machi 2007, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa, kalima mdomoni, mkono wake ndani ya mkono wangu.

Marehemu ameacha dada mmoja, Arafa. Watoto wawili, Anuar na Mwanaidi. Wajukuu tisa na vitukuu wanne. Na madereva ambao hatuna hesabu yao, ambao malori yao yamepanga foleni kuanzia sokoni na tunaomba wasipige honi. Ameacha pia Keza Nice, binti wa miaka kumi na minane, mwanafunzi wa ualimu, ambaye ana mama wawili na alikuwa na bibi mmoja.

Maji aliyooshewa Raya asubuhi ya leo hayakutoka bombani. Febronia wa Mugoma na Speciose aliyevuka Rusumo waliamka kabla yetu wakashuka kisimani, na walipanda kilima wakiwa wameshika ndoo moja, huyu upande huu na yule upande ule, hawakumwaga hata tone. Mungu amfanyie Raya wetu nafasi palipo na baridi nzuri, alale salama.